Kode ya Kilio

Jumatano asubuhi tulipiga simu ya video Bukavu ili kujaribu. Mdogo wangu Clotilde alikaa mbele ya kompyuta, mimi nikasimama nyuma yake. Mama mkwe wangu akatokea kwenye kioo, amekaa kitandani kwake, kitambaa cha kijani kichwani. Alitutazama, akainua mkono kuelekea mdomoni kama anavyofanya kila mara kabla ya kusema. Hapo picha ikaganda.

"Mama? Mama, unatusikia?" Clotilde aliuliza.

Sauti ilikuja vipandevipande, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Halafu ikakatika kabisa. Mkono ulibaki hewani, karibu na midomo.

Niliujua mkono ule. Siku tulipomleta mume wangu Bagalwa nyumbani ndani ya sanduku, kabla ya kwenda makaburini, tulifunua uso wake ili watu wamuage. Mama yake, ambaye sote tunamwita M'Cirimwami kwa jina la baba yake, hakuweza kuvuka ziwa kutoka Bukavu kuja hapa Goma. Miguu haimfikishi mlangoni, sembuse bandarini. Kwa hiyo tulimpigia kwa video. Aliinua mkono kuelekea mdomoni, picha ikaganda, na iliporudi sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa. Aliuliza neno moja tu: "Mumemufunga?"

Sasa, mwaka mmoja baadaye, Jumamosi ilikuwa siku ya kutoa deuil, yaani kuvua nguo nyeusi na kumaliza kilio. Katika familia ya mume wangu, mama aliyemzaa marehemu ndiye anayefungua kilio, yaani anayetangaza kwamba kimekwisha, na maadamu yuko hai hakuna anayeweza kumkaimu. Anawaangalia watu, anasema neno lake, ndipo mjane anavua. Na hawezi kusema kabla ya kuwaona. Sauti peke yake haitoshi.

"Jumamosi itakuwa vilevile," Clotilde alisema. "Atainua mukono, na sisi tutabaki kuangalia picha."

"Haitakuwa vilevile."

"Yaya, unajuaje?" aliuliza. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Kwa sababu leo ni Jumatano, na kitu chenye kuharibika kina mahali kimeharibikia. Tutapatafuta."

Sikusema hivyo kwa kujisifu. Mtandao huu Bagalwa aliuweka kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Sekretaria yetu ni chumba kimoja kinachotazama barabara hapa mtaa wa Katoyi. Tunaandika barua za watu, tunachapa picha za pasipoti, tunatuma dosie, yaani mafaili, za wanafunzi. Nyuma yake ni ua, na nyuma ya ua ni nyumba yetu. Juu ya bati kuna antena inayopokea mtandao. Waya unashuka ukutani mpaka kwenye kisanduku cheupe cha watu wa antena, na kutoka hapo unaingia kwenye ruta, kisanduku cheusi kinachougawa mtandao kwa kompyuta zetu na kwa simu. Ni hayo tu. Wateja wanafikiri kuna uchawi ndani ya kile cheusi, lakini mimi nilikiona kikifunguliwa.

Clotilde tayari alikuwa na simu mkononi. "Ni wale wa antena. Acha niwapigie, niwatukane kidogo."

"Ukiwatukana picha itafunguka?"

"Hapana. Lakini mimi nitasikia muzuri."

Nikamwambia aiweke simu kwanza. Bagalwa alikuwa na mwendo wake katika kazi hii. Alianza pale mtandao unapoingia, akasogea hatua moja, akapima, akasogea tena. Hakubadili vitu viwili kwa mara moja hata siku moja, hata wateja wakiwa wamejaa mlangoni wanapiga kelele. Alisema akibadili viwili hatajua ni kipi kimemsaidia, na kesho ataanza upya kama mjinga.

Nilianza na upande wa Bukavu. Nilimpigia Joviale, mjukuu anayekaa na M'Cirimwami, nikamuuliza kama kwao mtandao ni mzito.

"Hapana, Mama Emerance. Jana niliangalia filimu muzima, haikukata."

Basi, upande wa kule ulikuwa mzima. Nikachomoa waya kwenye ruta, nikauchomeka moja kwa moja kati ya kisanduku cheupe na kompyuta, na kufungua ukurasa wa kupima kasi. Sindano ya kipimo iliruka mpaka upande wa kulia, ikakaa.

"Eh! Kumbe iko!" Clotilde alishangaa.

"Iko. Shukuru hukuwatukana watu wa antena."

"Nitawawekea ya siku nyingine."

Nikarudisha ruta katikati. Sindano ikaanguka kushoto. Nikabadili waya kati ya visanduku viwili, nikaweka mpya: sindano haikusogea. Nikarudisha ule wa zamani. Nikagusa ruta, ilikuwa ya moto, na matundu yake yamezibwa na lile vumbi jeusi linaloingia kila mahali katika mji huu, hata ndani ya sukari. Nikaisafisha kwa brashi ya kupakia rangi na kuiweka kwenye rafu yenye hewa. Ikapoa, lakini kasi haikubadilika.

Nikaizima, nikangoja, nikaiwasha. Sindano ikaruka kulia! Clotilde akapiga makofi. Tulimimina chai. Tulipomaliza vikombe sindano ilikuwa imeshuka nusu, na muda si mrefu ikarudi pale pale chini.

"Imezeeka," Clotilde alisema. "Inaamka, inachoka. Kama Papa Fortunat."

Papa Fortunat ni kaka mkubwa wa mume wangu, na ndiye mkuu wa familia huku Goma. Kweli, anaamka mapema na kulala kwenye kiti saa ya mchana. Lakini jibu hilo halikuniridhisha. Kitu kilichoharibika kinaharibika tangu kuwashwa. Hii ruta ilikuwa inaamka nzima, halafu inalemewa. Ilikuwa kama mtu anayetoka nyumbani mikono mitupu, na njiani kila anayekutana naye anamtwika mzigo. Nani alikuwa anaitwika?

Tuna kompyuta mbili na simu mbili. Nikazima simu zote mbili, bila faida. Ndipo nikafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta, mahali ambapo Bagalwa alinionyesha namna ya kuingia, nikazima mtandao wa hewani tu, ule unaoingia kwenye simu. Nikauacha unaopita kwenye waya. Sindano ikaruka kulia. Nikamimina chai nyingine, tukanywa, sindano haikushuka.

"Sasa tungojee," nilisema.

"Tungojee nini?"

Hatukungoja sana. Sauti ya kwanza ilitoka kwenye saluni ya kunyolea, ng'ambo ya barabara: "Eeeh! Nani amekata?" Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka nyuma ya ukuta wetu: "Kwako pia?" Mtu wa tatu, sijui nani, akalaani watu wa antena, mama zao na bibi zao. Clotilde alinitazama, mdomo wazi. Kisha mlango ukagongwa.

Alikuwa Damascène, kinyozi, mashine ya kunyolea bado mkononi. Nyuma yake alisimama mteja wake, taulo shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande wa pili bado.

"Mama Emerance, amani? Mtandao iko na shida?"

"Mtandao gani, Damascène?"

Aliitazama mashine yake. "Ule wa... wa huku."

"Wa kwangu."

"Wa marehemu," alisema kwa heshima, na akainamisha kichwa.

Mteja wake hakuwa na subira ya heshima. "Mama, kulikuwa video yenye inaonesha style yenye nataka. Sasa huyu ataninyoa kwa kukisia?"

"Umefika nusu, kaka," Clotilde alimwambia. "Mwambie tu aendelee na hiyo."

Wakati huo Mukakalisa akaingia, mama anayeuza viazi na maharage kwenye kona. Bidhaa zake zinatoka Rutshuru, na kila asubuhi huongea na dada yake kule kuhusu gari. Alikuwa ameshika simu mbele yake kama sahani yenye mchuzi.

"Mama Emerance, nilikuwa na dada yangu. Gari imefika kwenye barrière, pale wanasimamisha magari, na mimi sijui kama imepita. Mumefunga? Kilio imekwisha?"

"Kilio kinahusika namna gani?"

"Si kode ni ya kilio," alisema, akanishangaa. "Iko kwenye ukuta."

Nilitoka naye. Pale uani, chini ya ukingo wa bati ambapo mvua haifiki, penye saruji laini juu ya mawe meusi ya ukuta, kulikuwa na maandishi ya chaki: BAGALWA, na chini yake kode yetu ya kuingilia mtandao. Nilikumbuka mara moja. Siku za msiba laini za simu zilikuwa zimejaa, watu walishindwa kuwajulisha ndugu zao, na Fortunat akachukua chaki na kuiandikia familia nzima pale ukutani. Nilikuwa nimepita mbele ya ukuta ule kila siku tangu pale. Lakini chaki ya siku zile ilipaswa kuwa imefutika. Hii ilikuwa nyeupe kabisa, na herufi zilikuwa za mikono mbalimbali. A moja ilikuwa na mkia, nyingine haina.

"Nani anaiandika upya?" nikauliza.

"Kila mutu," Mukakalisa alijibu. "Ikianza kupotea, mwenye anapita anaongeza kidogo. Mimi niliongeza ile B. Hatukutaka jina ifutike."

Sikuweza kumkasirikia. Nilisimama pale nikauona tena ua ule siku ya sanduku, watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na simu, anapiga picha, anatuma kwa ndugu zake. Wote juu ya mtandao uleule uliombeba M'Cirimwami. Picha yake haikugandishwa na vita wala na mvua, kama tulivyosema mwaka mzima. Iligandishwa na watu waliokuja kutulilia.

"Basi tunabadili kode na imekwisha," Clotilde alisema niliporudi ndani. "Yaya, sogea, mimi nafanya."

"Ngoja. Aliyeandika pale ni Fortunat. Lazima ajue."

Fortunat alikuja kutoka Keshero juu ya pikipiki, koti limejaa vumbi. Alisikiliza kila kitu akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Shemeki, hapana," alisema. "Mpaka Jumamosi, hapana. Kilio haijafunguliwa. Kitu chenye tulipatia watu wa kilio hatuwezi kukichukua mbele Mama aseme neno."

"Lakini tukikiacha, Mama hatatuona."

"Na tukikifunga, Mama atauliza: watu wa kilio mumewapeleka wapi? Utamujibu aje? Kwamba tuliwafukuza ili picha yake ikuwe muzuri?"

"Papa Fortunat," Clotilde aliingilia, "ule wa kunyolewa nusu kichwa naye ni mutu wa kilio?"

"Alibeba viti. Nilimuona. Wewe ulibeba nini?"

"Mimi nilipika!"

"Chumvi ilikuwa mingi."

Niliwaacha wabishane, nikakaa nikifikiri. Fortunat hakuwa amekosea, na sindano pia haikuwa imekosea. Kama ningewafunga watu nje, M'Cirimwami angeona ua usio na watu wake, na neno lake lingekataa kutoka. Nikiwaacha kama walivyo, atainua mkono na kuganda tena, na sikuwa tayari kumfanyia hivyo mara ya pili.

"Shemeki," nikasema, "siku zile watu walilala wapi?"

"Kwenye hema, hapo uani. Unajua."

"Na shangazi, na wazee waliotoka Walungu?"

"Ndani ya nyumba. Wazee hawawezi kulala kwenye hema."

"Kuna aliyesema kwamba tumemfukuza kwa sababu hakulala ndani?"

"Hakuna. Hata chai walikunywa moja."

"Basi nitafanya vile. Hema na chumba."

Alinitazama bila kuelewa, lakini hakusema hapana, na kwa Fortunat hiyo inatosha.

Ndani ya ruta kuna sehemu ya wageni ambayo Bagalwa hakuwahi kuitumia. Unaweza kuwa na mitandao miwili hewani kutoka kisanduku kimoja, na kila mmoja ukaupa kipimo chake. Nilifanya kazi hiyo Alhamisi, taratibu, kitu kimoja kwa wakati. Jina BAGALWA na kode ileile ya ukutani nikazihamishia kwenye sehemu ya wageni, ili simu za watu ziingie zenyewe bila kuhisi zimehamishwa. Hilo ndilo hema. Kwa ajili ya sekretaria nikatengeneza mtandao mpya, nikauita KAZI, wenye kode ambayo tunaijua mimi na Clotilde tu. Hicho ndicho chumba. Kisha nikaweka mpaka: hema lote kwa pamoja lisivuke sehemu ndogo ya mtandao, hata watu wakijaa namna gani.

Mara ya kwanza niliubana kupita kiasi. Damascène alivuka barabara tena.

"Mama Emerance, sipendi kusumbua. Lakini sasa hata salamu haipiti. Nimetuma 'bonjour' tangu asubuhi, bado inazunguka."

"Rudi ukae, nitakufungulia kidogo."

Nikaongeza kipimo, nikatoka mlangoni. Alikuwa amesimama mbele ya saluni akiangalia simu. Akainua kidole gumba. Nikaongeza kidogo tena, nikapima upande wetu. Sindano yetu ilibaki kulia. Nikamwambia Clotilde atoke awaombe watu wote wa barabara wafungue video kwa wakati mmoja, na sijawahi kuona majirani wakitii ombi kwa haraka namna ile. Video zao zilikwenda polepole, zikisimama na kuanza. Sindano yetu haikutikisika.

Jioni Fortunat alipita, akatoa simu yake mwenyewe, akatafuta mtandao. Jina la mdogo wake likatokea.

"Iko," alisema.

"Iko."

Akairudisha simu mfukoni, akaenda.

Jumamosi, baada ya misa, ua ulijaa. Viti vilikuwa vilevile na waliovibeba walikuwa walewale. Damascène alivaa koti la suti. Mukakalisa alileta sufuria ya viazi bila kuombwa. Simu zilikuwa juu kila upande, zinapiga picha na kutuma. Fortunat alitaka kusimama awaambie wazizime.

"Waache, Shemeki," nikamwambia. "Wako kwenye hema."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza katikati ya ua, na waya mrefu ulitoka dirishani mwa sekretaria mpaka pale. Sikutaka kutegemea mtandao wa hewani kwa siku ile. Clotilde alipiga. Joviale akapokea, akaiweka simu vizuri, na M'Cirimwami akatokea, amevaa kitenge kipya. Uso wake ulikuwa wazi mpaka kovu dogo la paji la uso.

"Zungusha," alisema. "Nione watu."

Clotilde aliizungusha kompyuta polepole. Mama aliwataja aliowafahamu, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa aliitika. Akasimamisha.

"Huyu mwenye koti ni nani?"

"Ni Damascène, Mama," nikajibu. "Kinyozi wa hapa mbele. Yeye ndiye aliyemnyoa Bagalwa siku ile, kabla ya kumweka kwenye sanduku."

M'Cirimwami alisogea karibu na kioo. "Wewe ulimugusa mutoto wangu?"

Damascène alisogea mbele ya meza, mikono imeshikana. "Ndiyo, Mama."

"Alikuwa aje?"

Damascène aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na kioo.

"Alikuwa muzuri, Mama. Alikuwa kama mutu mwenye kulala. Nilimunyoa ndevu zote, nilimupakaa mafuta. Ile alama ya hapa, ya kidevu, nilipita polepole. Sikumuumiza."

"Ile alama ni ya kuanguka kwenye ngazi," M'Cirimwami alisema. "Alikuwa mudogo sana."

Kisha akainua mkono kuelekea mdomoni.

Clotilde alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Mkono ulifika kwenye midomo ukasimama pale. Niliangalia pazia nyuma ya mama mkwe wangu, kwa sababu mtu anaweza kutulia lakini pazia halidanganyi. Upepo wa Bukavu ukaingia dirishani, pazia likajaa, likarudi.

Mkono ukashuka mpaka magotini.

"Imetosha," M'Cirimwami alisema. "Nimewaona. Nimesikia. Mutoto wangu alitunzwa. Emerance, vua."

Fortunat alinipa kitambaa chenye rangi. Nilivua kile cheusi mbele ya Mama, nikakikunja, nikakiweka mezani pembeni ya kompyuta. Alinitazama mpaka nikamaliza kufunga kipya.

"Sasa mule, viazi visipoe," alisema. Akamwonyesha Joviale mahali pa kubonyeza, na safari hii ni Mama mwenyewe aliyefunga simu.